Moyo wa Askari Mbele ya Mashine ya Sumaku

Katikati ya mwaka 2025, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliwataka watengenezaji wa chanjo mbili za UVIKO-19 wapanue onyo lililomo katika karatasi za maelezo ya chanjo hizo. Onyo hilo lahusu kuvimba kwa misuli ya moyo. Lilikuwapo tangu mwaka 2021, lakini safari hii liliongezwa jambo ambalo halikuwamo: matokeo ya picha za moyo zilizopigwa kwa mashine ya sumaku, ile ambayo hospitalini huitwa MRI. Karatasi hizo zasema kwamba wengi wa wagonjwa waliopigwa picha tena baada ya miezi 5 hivi walikutwa bado na alama za kuumia katika nyama ya moyo, na kwamba maana ya alama hizo kwa maisha yao ya baadaye haijajulikana.

Maneno hayo yameingia moja kwa moja katika ubishi wa chanjo, ubishi ambao huko Marekani umekuwa mkali kwa miaka kadhaa. Hatukusudii hapa kuuingia. Twataka kulitazama swali lililo nyuma yake, nalo lamhusu kila avaaye magwanda, popote alipo: daktari akiona kovu katika picha ya moyo wa kijana anayejisikia mzima, je, kijana huyo arudi kwenye gwaride, apumzishwe kwa muda, au aondolewe katika utumishi?

UGONJWA WA VIJANA WENYE NGUVU

Yafaa kwanza ifahamike ugonjwa wenyewe ni upi. Moyo ni msuli, nao waweza kuvimba kama uvimbavyo msuli mwingine wowote. Sababu zake ni nyingi, lakini iliyo kubwa ni virusi, mara nyingi vile vile viletavyo mafua, homa na kuharisha. Virusi huingia katika chembe za moyo, na chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo jeshi la ulinzi la mwili, huvifuata humo humo. Mapigano yakifanyika ndani ya nyumba, nyumba nayo hubomoka. Wengi hupona bila hata kujua kwamba waliugua. Wengine hupata maumivu ya kifua, kukatika pumzi, au mapigo ya moyo yanayokwenda ovyo. Wachache moyo wao hudhoofika kabisa, au husimama ghafula.

Ugonjwa huu huwapata wake kwa waume, wazee kwa watoto, lakini hupenda zaidi vijana wa kiume, yaani watu wale wale wanaojaza makambi ya jeshi na vyuo vya polisi. Tena una hila moja mbaya: mazoezi makali huuchochea. Mwaka 1970 wachunguzi wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lao la kuwaambukiza panya virusi viitwavyo koksaki, kisha wakawalazimisha baadhi yao kuogelea. Katika mioyo ya walioogelea virusi vilizaana kwa wingi mno kuliko katika mioyo ya panya waliopumzishwa. Binadamu si panya, lakini madaktari wa majeshi walilichukua funzo hilo kwa uzito, nao hawakukosea.

Ushahidi walioupata wao wenyewe wahuzunisha. Madaktari wa majeshi ya Marekani walipitia kumbukumbu za makuruta wapatao milioni 6.3 waliopata mafunzo ya mwanzo tangu mwaka 1977 hadi mwaka 2001. Makuruta 126 walikufa ghafula pasipo ajali wala jeraha, na vifo 108 kati ya hivyo vilihusiana na mazoezi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kasoro ya moyo kwa marehemu 64, na 13 kati ya hao moyo wao ulikuwa umevimba. Huko Finland, ambako vijana wa kiume huingia jeshini kwa mujibu wa sheria, uchunguzi wa miaka 20 uliochapishwa mwaka 1999 uliwahusu vijana zaidi ya 670,000. Kati yao 98 walifika hospitali wakiwa na dalili zinazofanana na za mtu ambaye mshipa wa moyo wake umeziba, kumbe ni misuli ya moyo iliyovimba.

Kwa hesabu hizo ugonjwa huu si wa kila siku. Lakini kuruta aliyekufa uwanjani alikuwa amepimwa afya kabla ya kuandikishwa, akaonekana anafaa. Hapana shaka baadhi ya hao waliwahi kusema kwamba hawajisikii vizuri, nao kambini kila aliyewahi kuwa askari ajua mtu asemaye hivyo huitwaje. Huitwa mtegaji.

KWA NINI UGONJWA HUU HUJIFICHA

Shida ya miaka mingi ilikuwa kuutambua ugonjwa huu kwa mtu aliye hai. Kipimo cha umeme wa moyo huonyesha kwamba kuna jambo, lakini mara nyingi hakisemi ni jambo gani. Kipimo cha damu kinachotafuta troponini, ambayo ni protini inayovuja kutoka katika chembe za moyo zilizoumia, husema kwamba moyo umeumia, lakini hakitaji aliyeuumiza. Kipimo cha mawimbi ya sauti huonyesha moyo unavyosukuma damu, nao waweza kuonekana unasukuma vyema ilhali ndani umevimba.

Njia ya uhakika ilikuwa kupitisha mrija katika mshipa hadi ndani ya moyo na kunyofoa vipande vidogo vya nyama yake ili vitazamwe kwa hadubini. Njia hiyo yatumika hata leo kwa wagonjwa mahututi. Lakini ina hatari zake, na zaidi ya hayo yaweza kudanganya, kwa kuwa uvimbe hukaa madoa madoa. Daktari akinyofoa hapa, na doa likawa pale, jibu litarudi kwamba hakuna ugonjwa. Wala hakuna mkuu wa kikosi ambaye angekubali makuruta wake wote wenye maumivu ya kifua watendewe hivyo.

Katika historia ya tiba ya eneo letu la Afrika ya Mashariki twaweza kuona jinsi hali ilivyokuwa ngumu. Mwaka 1948 daktari J. N. P. Davies, aliyefanya kazi mjini Kampala, alieleza ugonjwa ambao huuvika moyo kovu nene upande wa ndani hadi ukashindwa kujaa damu. Huo ni ugonjwa mwingine, si huu tunaouzungumzia. Lakini tazama namna alivyoujua: kwa kuipasua mioyo ya waliokwisha kufa. Kovu la moyo lilikuwa jambo la kusomwa baada ya mazishi kukaribia. Leo kovu kama hilo laonekana kwa mtu anayepumua, na hapo ndipo ilipo faida kubwa ya mashine ya sumaku.

MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Mashine hiyo haitumii miale ya eksirei. Mwaka 1973 Mmarekani Paul Lauterbur alichapisha njia ya kutengeneza picha kwa nguvu za sumaku, na Mwingereza Peter Mansfield akaiendeleza. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2003. Mgonjwa hulazwa ndani ya bomba lililozungukwa na sumaku, ambayo kwa kawaida ina nguvu ipatayo mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia. Mwili wa binadamu umejaa maji, na viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji hayo hujipanga kwa amri ya sumaku. Kisha mashine huvisukuma kwa mawimbi ya redio, na vinaporudi mahali pake vyatoa ishara. Ishara hizo ndizo zinazogeuzwa kuwa picha. Kwa kuwa moyo hautulii, mashine hufuata mapigo yake, na mgonjwa huambiwa azuie pumzi mara kwa mara.

Kwa moyo uliovimba, mashine hutafuta mambo makubwa mawili. La kwanza ni maji. Nyama iliyovimba hujaa maji, na maji hayo hung'aa katika picha ya aina yake. La pili ni kuumia kwenyewe. Mgonjwa huchomwa sindano ya dawa yenye madini ya gadolini, ambayo haiingii ndani ya chembe zilizo hai. Mahali chembe zilipokufa au kovu lilipoanza kufanyika, dawa hupata nafasi na kukawia kutoka. Zikipita dakika 10 hadi 15, nyama nzima huonekana nyeusi, na mahali palipoumia huonekana peupe.

Mahali pa weupe huo pana maana yake. Mshipa wa damu ukiziba, nyama huanza kufa upande wa ndani wa ukuta wa moyo na kuelekea nje. Moyo ukivimba kwa virusi, alama huwa zaidi upande wa nje au katikati ya ukuta. Kwa hiyo picha moja yaweza kumtenga mgonjwa wa namna moja na mgonjwa wa namna nyingine, ingawa wote wawili walikuja wameshika kifua na vipimo vyao vya umeme vyafanana.

Mwaka 2009 wataalamu wa nchi mbalimbali walichapisha kanuni za kuzisoma picha hizo, kanuni zinazoitwa kwa jina la Lake Louise, mahali palipo katika milima ya Canada. Mwaka 2018 zilirekebishwa. Kwa kanuni mpya, ushahidi huwa na nguvu zaidi maji na kuumia vinapoonekana pamoja. Kimoja peke yake chaweza kuunga mkono, lakini hakitoshi kumaliza shauri.

MAKAMBI YALIVYOJIFUNZA

Majeshi yaliujua umuhimu wa jambo hili kwa njia ya chanjo. Mwezi Desemba 2002, kwa hofu ya silaha za vijidudu wakati vita vya Irak vikikaribia, Marekani ilianza tena kuwachanja askari wake ndui. Hadi katikati ya Machi 2003 askari 230,734 walikuwa wamechanjwa kwa mara ya kwanza katika maisha yao, na 18 kati yao walielekea kuwa wamevimba moyo au ngozi inayouzunguka. Wote walikuwa wanaume wa miaka 21 hadi 33.

Basi ilipofika mwaka 2021 na chanjo za UVIKO-19 kuanza kutolewa, madaktari wa majeshi walikuwa macho. Katika dozi zaidi ya milioni 2.8 walizotoa hadi Aprili mwaka huo, waliwatambua wanaume 23 waliopata maumivu makali ya kifua katika muda wa siku 4 baada ya kuchanjwa, wengi wao baada ya dozi ya pili. Wanane walipigwa picha za sumaku, na wote wanane picha zao zilionyesha moyo uliovimba. Ripoti ilipoandikwa, 16 kati ya 23 walikuwa wamepona dalili zao ndani ya wiki moja.

Takwimu zilizotiwa katika onyo la mwaka 2025 zatoa sura kama hiyo. Kwa chanjo za msimu wa 2023 na 2024, katika siku 7 za mwanzo, wagonjwa walikuwa 8 hivi kwa kila dozi milioni 1 kwa watu wa chini ya miaka 65, na 27 hivi kwa wanaume wa miaka 12 hadi 24. Ni haki pia kukumbuka kwamba UVIKO-19 wenyewe huweza kuuvimbisha moyo. Atakayezitaja takwimu za upande mmoja na kunyamazia za upande wa pili amtendea msomaji vibaya, awe anaipenda chanjo au anaichukia.

PICHA NAYO YAWEZA KUPOTOSHA

Mpaka hapa mashine yaonekana kuwa mwokozi. Lakini mambo ya mwaka 2020 yafundisha tahadhari. Mwezi Julai mwaka huo madaktari wa Frankfurt, Ujerumani, walichapisha uchunguzi wa watu 100 waliopona UVIKO-19, wakasema kwamba 78 kati yao picha za mioyo yao zilikuwa na kasoro. Habari hizo zilienea duniani kote kwa siku chache. Watu walioiugua homa hiyo nyumbani na kupona waliingiwa na hofu kwamba mioyo yao imeharibika. Makosa ya hesabu yaligunduliwa katika uchunguzi huo na kusahihishwa, ingawa waandishi wake waliushikilia msimamo wao.

Baadaye madaktari wa London walifanya jambo rahisi lenye hekima. Waliwachukua wafanyakazi wa hospitali 149, karibu nusu yao wakiwa wamewahi kuugua kidogo na nusu hawajaugua, wakawapiga picha makundi yote mawili miezi 6 baadaye. Matokeo yao ya mwaka 2021 hayakuonyesha tofauti kati ya makundi hayo. Alama zilikuwapo kwa waliougua, na zilikuwapo vile vile kwa wasiougua. Hii ina maana kwamba mashine kali ikielekezwa kwa umati wa watu wazima itaona mengi, na si yote yaonekanayo ni ugonjwa.

Ushahidi wa tatu hauruhusu mtu kupumzika upande wowote. Wanamichezo 1,597 wa vyuo vikuu vya Marekani vilivyo katika shirikisho la Big Ten, wote wakiwa wamepata UVIKO-19, walipigwa picha. Mioyo 37 ilionekana imevimba. Lakini kama madaktari wangewapima wale tu wenye dalili za moyo, wangewaona 5 peke yao. Je, wale 32 waliokolewa, au walizuiwa kucheza bila sababu? Wale waliopigwa picha kwa mara ya pili, maji yalikuwa yamekauka kwa wote, bali makovu yalikuwa yametoweka kwa wanne tu katika kila kumi.

Hapa ndipo lilipo fundo la jambo zima. Maji ni habari ya leo: yasema kwamba vita vingali vinaendelea, na mtu huyo asikimbie. Kovu laweza kuwa habari ya jana: lasema kwamba vita vilipiganwa. Kovu kubwa, hasa lililo katikati ya ukuta wa moyo, limehusishwa na hatari ya mapigo kwenda ovyo na kifo cha ghafula. Kovu dogo kwa mtu ambaye moyo wake wasukuma damu vyema, ambaye damu yake imetulia na amepimwa akikimbia pasipo tatizo, huenda lisimdhuru maisha yake yote. Picha ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hatoshi kumfunga mtu wala kumwachilia.

YAWAPASAYO WAKUU NA ASKARI

Kwa miaka mingi kanuni iliyofuatwa ni kumzuia mgonjwa asifanye mazoezi makali kwa miezi 3 hadi 6, kisha apimwe upya kabla ya kurudi. Miongozo ya karibuni yaelekea kumtazama kila mtu kwa hali yake, na mashine ya sumaku ndiyo iliyowezesha hilo. Palipo na mashine, mtu aliyepona mapema aweza kurudi mapema, na aliyechelewa aweza kulindwa. Katika bara letu mashine hizo ni chache, na wenye ujuzi wa kupiga na kusoma picha za moyo ni wachache zaidi. Kwa hiyo palipokosekana mashine, busara ni kuufuata muda mrefu. Miezi michache ya kazi nyepesi, kama vile ghalani au ofisini, haigharimu kikosi chochote kiasi cha kifo kimoja uwanjani.

Jambo la pili lawahusu askari waliowahi kupigana. Mwenye kipande cha chuma mwilini, cha bomu au cha risasi, hasa karibu na jicho, lazima aseme kabla ya kuingizwa katika mashine, kwa sababu sumaku yaweza kukivuta au kukizungusha. Vivyo hivyo mwenye kifaa cha kuendeshea mapigo ya moyo, na mwenye ugonjwa mkubwa wa figo, ambaye dawa ya gadolini yaweza kumletea madhara. Kuona haya kuyataja majeraha ya zamani mbele ya mhudumu ni ushujaa usio na faida.

Jambo la tatu ni la kila kambi, iwe na mashine au isiwe nayo. Askari mwenye homa asikimbizwe. Askari ambaye katika wiki chache baada ya mafua, kuharisha au chanjo anapata maumivu ya kifua, pumzi zinamkatika kuliko ilivyo desturi yake, moyo unamwenda mbio akiwa amekaa, au anazirai katikati ya mazoezi, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, apimwe umeme wa moyo na damu. Vipimo hivyo viwili ni vya gharama ndogo kuliko picha, na ndivyo vinavyomwambia daktari ni nani hasa apelekwe mbali kutafutiwa picha.

Mashine ya sumaku imewapa madaktari jicho ambalo watangulizi wao hawakuwa nalo. Lakini jicho hilo humwona yule tu aliyefikishwa mbele yake. Kati ya kuruta anayeumwa na mlango wa hospitali anasimama sajini wake, naye ndiye wa kwanza kuamua kama maneno ya kijana huyo ni kutega au ni kweli. Miaka 25 ya kumbukumbu za makuruta wa Marekani yatosha kumkumbusha kwamba mara nyingine ni kweli.